Sauti ya doriani kisiwani An Binh

Wiki hii sitazungumzia bajeti wala bei ya mafuta ya taa. Naomba leo mnifuate mbali kidogo, hadi katika kisiwa kimoja kilichomo ndani ya mto, huko kusini mwa nchi ya Vietnam. Kisiwa chenyewe kinaitwa An Binh. Nilifika huko mwezi wa Juni mwaka 2024 nikiwa na kinasa sauti changu, viatu visivyofaa kwa matope, na jambo moja la nyumbani lililokuwa limenikwama kooni. Hilo la nyumbani nitalieleza tukifika mbele.

Nilikuwa nimekwenda Vietnam kwa mafunzo ya wiki tatu ya watangazaji wa redio, tukapewa siku nne za mapumziko. Wenzangu wakabaki mjini Ho Chi Minh kununua nguo. Mimi, mtoto wa mkulima wa machungwa wa Muheza, niliposikia kuwa kuna kisiwa kizima kilichojaa miti ya matunda, sikuona sababu ya kushinda dukani. Na wala tusidhani kuwa nchi ile iko mbali nasi kama tunavyofikiri. Simu za Halotel, zilizoanza kazi hapa Tanzania mwaka 2015, ni za kampuni ya Viettel ya huko huko. Korosho zetu za Mtwara na Lindi nazo, nyingi huondoka bandarini zikiwa na maganda yake, zikabanguliwe na Wavietnam. Kwa hiyo nilipoulizwa natoka wapi na nikajibu Tanzania, mwenye teksi alitikisa kichwa akasema neno moja tu: korosho.

Kutoka Ho Chi Minh hadi mji wa Vinh Long ni kama kilomita 130. Karibu na mji huo unavuka mto Tien, ambao ni tawi mojawapo la mto Mekong, kwa daraja la My Thuan. Daraja la kwanza lilifunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Australia. La pili limesimama ubavuni mwake, lilifunguliwa Desemba 2023, na hilo Wavietnam wamelijenga wao wenyewe. Dereva alituonyesha hilo la pili kwa fahari, akalipita la kwanza kimya kimya. Ukishafika Vinh Long unashuka gatini, unapanda pantoni pamoja na pikipiki, vikapu vya kuku na watoto wa shule, na baada ya dakika chache tu unakanyaga kisiwani.

Sasa, msikilizaji, ukisikia kisiwa cha mtoni usifikirie mwamba au rundo la mchanga. An Binh ni udongo mtupu. Ni tope lililobebwa na mto Mekong kutoka Tibet, likapita China, Myanmar, Laos, Thailand na Kambodia, kisha likatuama hapo mto unapogawanyika kuelekea baharini. Wavietnam huuita mto huo kwao Cuu Long, yaani majoka tisa, kwa sababu ya midomo yake mingi. Maji ya bahari hujaa na kupwa, na mto nao hupanda na kushuka kwa kuyafuata, ingawa bahari yenyewe huioni. Mtu wa Pangani au wa Rufiji angeelewa mara moja ninachokisema.

Kwa kuwa ardhi iko chini, mti wa matunda ukiupanda hivi hivi tu mizizi yake itaoza. Basi wanachofanya ni kuchimba mfereji mrefu na udongo wake kuupandisha upande mmoja kuwa tuta pana. Kisha wanachimba mwingine, na mwingine tena, hata shamba zima linakuwa tuta na mfereji, tuta na mfereji, kama mistari ya daftari. Miti hukaa juu ya tuta. Mferejini wanafuga samaki. Mto ukijaa, maji huingia kwa bomba lililopita chini ya boma la udongo linalozunguka shamba, ukipwa, hutoka. Kila mwaka mwenye shamba huingia mferejini akachota tope lililotuama akalimwaga juu ya tuta, na hiyo ndiyo mbolea. Nilimwona mzee wa miaka zaidi ya sabini akifanya kazi hiyo, maji yamemfika kifuani, sigara mdomoni haijalowa.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu. Hapa sina budi niwaeleze kidogo namna wanavyoitana, kwani jambo hili lilinifurahisha kuliko yote. Kivietnam hakina neno moja la "wewe" la kumwambia kila mtu. Lazima kwanza ujue mwenzako ni mkubwa au mdogo kwako, ndipo umwite baba mkubwa, baba mdogo, shangazi, kaka, mdogo wangu, au mjukuu. Mtu humjui, umekutana naye kwenye pantoni, tayari ni shangazi yako. Sisi wa pwani hatuna la kushangaa hapo. Lakini huko kusini wana jambo jingine la ziada: watoto huitwa kwa hesabu ya kuzaliwa, na mzaliwa wa kwanza haitwi wa Kwanza, huitwa wa Pili. Nilipouliza kwa nini, kila mtu alikuwa na sababu yake. Mwenyeji wangu aliitwa Bac Ba, yaani Baba Mkubwa wa Tatu, kumbe ni mtoto wa pili wa mama yake. Aliponiuliza mimi nimezaliwa wa ngapi nikamwambia wa kwanza, basi tangu hapo nikawa wa Pili. Nilimweleza yule binti mkalimani, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Can Tho, kwamba kwetu Pili ni jina la mwanamke. Akacheka, lakini hakumtafsiria mzee.

Tukazunguka shambani. Kila tunda alilonionyesha nilikuwa nalo jina lake, na mkalimani akashangaa. Shokishoki, jekundu lenye manyoya, miti yake imeinama kwa uzito. Fenesi. Stafeli. Mabalungi makubwa kama kichwa cha mtoto. Doriani. Wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba wanayajua matunda haya, hata sisi wa Tanga hatuyakosi, na majina mengine yalivuka bahari pamoja na mbegu zake. Tunda moja tu lilinishinda, nalo ni longani: dogo, duara, ganda la rangi ya hudhurungi, ndani jeupe linaloonyesha kama kioo, na kokwa jeusi. Utamu wake ni kama wa asali iliyotiwa maji.

Kisiwa hiki ndicho kilichojulikana kwa longani. Bac Ba alikuwa na shamba zima la longani alilolipanda baada ya mageuzi ya mwaka 1986. Kabla ya hapo, baada ya vita kwisha mwaka 1975, serikali ilijaribu kuwaweka wakulima wa kusini katika mashamba ya ushirika, nao wakayapokea kama baadhi yetu tulivyovipokea vijiji vya ujamaa: kwa kuitikia ndiyo na kulima kidogo. Mwaka 1988 ukatoka uamuzi wa kuwarudishia kaya mashamba yao. Sheria ya ardhi ya mwaka 1993 ikampa mwenye miti ya kudumu haki ya kuitumia ardhi miaka 50. "Mtu hapandi mti kwa ruhusa ya mwaka mmoja," alisema mzee, na hiyo ndiyo siasa pekee aliyozungumza kwa siku tatu.

Kisha, karibu na mwaka 2011, longani zikaingiwa na ugonjwa. Machipukizi yalikuwa yanajikusanya na kusokotana kama ufagio, maua hayafunguki, matunda hakuna. Ugonjwa huo ulienea katika mikoa mingi ya delta ile. Wataalamu wakasema kata matawi, choma. Wakakata, wakachoma, ugonjwa ukarudi. Wengine wakabebesha vikonyo vya longani ya aina nyingine inayostahimili juu ya mashina ya zamani. Wengine walichoka, wakang'oa yote. Bac Ba aling'oa. Alibakiza mitatu nyuma ya nyumba, mikongwe, ambayo huzaa kidogo na ina ule ugonjwa mpaka leo. Nilimwuliza kwa nini haikati nayo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajamfukuza mama mkwe wake.

Pale palipokuwa na longani sasa pana doriani. Na hapa kisiwa kina haki ya kujisifu, maana doriani mashuhuri kuliko zote za Vietnam, inayoitwa Ri6, asili yake ni hapo hapo kisiwani, katika iliyokuwa kata ya Binh Hoa Phuoc, kwa mkulima aliyejulikana kama Sau Ri. Sau ni sita. Kwa hiyo Ri6 ni Ri wa Sita, na ninyi mnaonisikiliza kwa makini mnajua tayari kwamba alikuwa mtoto wa tano. Tunda lake lina nyama nene ya manjano na kokwa dogo lililosinyaa. Mwezi Julai 2022 China na Vietnam zilitiliana saini mkataba wa kuruhusu doriani kuingia China kwa njia rasmi, na mwaka 2023 Vietnam ikauza doriani za zaidi ya dola bilioni 2. Ndipo kila mwenye tuta akapanda doriani.

Kesho yake alfajiri nilishuhudia uvunaji. Walikuja vijana watano na mkubwa wao, mtu mfupi aliyeshika kisu chenye mpini mzito. Huyo ndiye mpigaji. Doriani haionyeshi kwa rangi kuwa imekomaa. Ganda ni kijani, miiba ni miiba. Kwa hiyo mpigaji hupanda mtini, akaligonga kila tunda kwa mpini wa kisu, akasikiliza. Likilia kavu na kubana, ni changa, analiacha. Likilia kwa sauti nzito yenye uwazi ndani, analikata na kulidondosha, na kijana aliye chini analidaka kwa gunia. Fikiri mwenyewe, tunda lenye miiba la kilo tatu au nne linatoka juu, na mtu anakinga gunia. Nikawasha kinasa sauti. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimenasa hotuba, makofi, ngoma na vilio vya misiba, lakini sikuwahi kumnasa mtu ambaye riziki ya ukoo mzima inategemea sikio lake. Akikosea, likaenda changa, wanunuzi China watalitupa na mzigo wote utatiliwa shaka. Nilimwomba anifundishe. Nikagonga matano, nikapatia mawili. Akasema kwa mtu wa redio si haba.

Lakini asubuhi hiyo haikuwa ya furaha tupu. Mnunuzi alikuwa ametoa arbuni miezi miwili kabla, matunda yakiwa madogo kama mayai. Arbuni ndiyo hiyo ambayo siku hizi mjini mnaiita kishika uchumba. Bei walikwishakubaliana. Sasa bei ya soko ilikuwa imeshuka, na mnunuzi akaanza kuona kasoro. Hili umbo lake baya. Lile lina kovu. Mafungu yakawa mawili, kisha matatu, na la tatu likawa kubwa kuliko yote. Mke wa Bac Ba, mama mnyamavu aliyekuwa akitupikia, alitoka jikoni akasimama tu karibu na mizani, mikono kaifunga nyuma. Hakusema neno. Mnunuzi akaongeza kidogo, si sana. Mkalimani aliniambia kuwa wapo wanunuzi ambao bei ikiporomoka huiacha arbuni yao wakapotea, matunda yakabaki mtini kwa mwenyewe.

Mimi maneno hayo sikuhitaji mkalimani. Nilikua nikiyasikia Muheza. Gari linakuja kutoka Nairobi au Dar es Salaam, dalali anatangulia, anaununua mchungwa ukiwa na maua, kwa sababu anajua ni mwezi wa ada za shule. Msimu ukifika machungwa ni yake. Baba yangu alisomesha watoto watano kwa maua.

Jioni Bac Ba alinionyesha kitu kingine alichokuwa akikihifadhi ndani ya kabati la picha za wazee wake waliofariki, karibu na vijiti vya ubani. Ni kipimo kidogo cha mfano wa kalamu. Unakichovya majini, kinakuambia chumvi ni gramu ngapi kwa lita. Miezi ya kiangazi, Februari hadi Aprili, mto ukipungua nguvu, bahari hupanda. Kiangazi cha mwaka 2016 kilikuwa kibaya, na cha mwaka 2020 kibaya zaidi. Chumvi iliingia ndani ya nchi mpaka mahali ambapo wazee hawakuwahi kuionja. Mpunga huvumilia kidogo. Doriani haivumilii, hata chumvi isiyofika gramu moja kwa lita huikausha majani. Mwaka ule wa 2020, katika mkoa wa jirani wa Tien Giang, wakulima walinunua maji baridi yaliyoletwa kwa majahazi ili kunywesha miti. Kununua maji huku umekaa katikati ya mto! Bac Ba, kila kiangazi, huamka usiku maji yanapojaa, huchovya kipimo chake, na asipoyaridhia huziba bomba kwa mkono wake mwenyewe. Siku za bamvua halali.

Sababu ni nyingi na zimefungamana. Bahari inapanda. Ardhi ya delta yenyewe inadidimia, pamoja na mengine kwa sababu ya visima vinavyovuta maji ya chini. Mchanga wa mtoni unachimbwa usiku na mchana kwa ajili ya barabara na majengo. Mashua zake nilizihesabu kutoka gatini nikachoka. Na huko juu yamejengwa mabwawa ya umeme, mengi ya China, na lile la Xayaburi nchini Laos lililoanza kuzalisha mwaka 2019. Tope linatuama nyuma ya kuta hizo, halifiki tena kama zamani. Kwa mkulima wa An Binh hiyo maana yake ni moja: mbolea aliyokuwa akiichota mferejini bure inapungua mwaka hadi mwaka, na ukingo wa kisiwa unamegeka. Sisi nasi tunao mto Rufiji, na bwawa la Julius Nyerere ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka huo huo wa 2024. Umeme tunauhitaji, mimi siupingi. Ningependa tu tuwe tunawauliza na wale wa Nyamisati na Mbwera maji yao yakoje.

Usiku wa mwisho mzee aliniuliza, nikiwa nimelala katika bembea ya wavu: "Wa Pili, miti ya baba yako inatunzwa na nani?" Nikajibu, na mdogo wangu. Nikaishia hapo.

Sasa hilo la nyumbani. Baba alifariki mwaka 2021 akaacha ekari nne za michungwa. Mdogo wangu ndiye aliyebaki kijijini. Mwezi mmoja kabla ya safari tulikaa kikao cha familia, akaeleza kuwa miti imezeeka, dawa ni ghali, madalali wanatunyonya, na barabara imefika, kwa hiyo tukate tupime viwanja tuuze. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Mimi nina haraka zangu, nikasema fanyeni mnavyoona, nikaweka sahihi. Mama hakusema lolote. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaifunga nyuma.

Basi usiku ule nilitoka nje nikampigia. Kwetu ilikuwa bado alasiri. Nikamwambia asubiri nirudi kwanza tuzungumze. Akanyamaza, kisha akasema: "Kaka, mwenye msumeno alikuja Jumatatu. Zimebaki safu tatu za kule kisimani." Alisema bila ubaya. Nami ningemlaumu kwa lipi, na sahihi ni yangu? Nikamwambia hizo tatu ziache. Akasema ataziacha, ila niwe nikituma hela ya dawa. Tukakubaliana, na mpaka leo natuma, ingawa si kila mwezi.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Julai. Habari za kisiwani huwa nazipata kwa yule binti mkalimani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 China ilikaza upimaji wa doriani, ikitafuta madini ya kadimiamu na rangi fulani ya manjano ya kemikali, malori yakakwama mpakani na bei ikaanguka. Bac Ba bado anachovya kipimo. Katika tuta moja la doriani amepanda tena longani, hizi zinazostahimili ugonjwa.

Nilipofika Muheza nilimpigia mama kanda niliyoinasa shambani kule. Tulikaa chini ya mchungwa mmoja wa kule kisimani, yeye juu ya mkeka, mimi juu ya kigoda. Sikumweleza ni nini. Nilimwachia asikie kisu kikigonga tunda, mara ya kwanza, kimya kidogo, mara ya pili. Mama katika maisha yake amegonga mafenesi yasiyo na idadi. Akainamisha kichwa.

"Hilo la kwanza bichi," akasema. "La pili ndilo. Rudisha nisikie tena."

Nikarudisha. Hadi wiki ijayo saa kama hii, kwaherini.